Ukikabidhiwa Watu, Tazama Filamu za Magereza ya Jeshi

Vijana wanaoniuliza namna ya kusimamia mafundi na vibarua hutarajia niwatajie semina au kitabu cha uongozi. Mimi huwaambia watafute filamu mbili za magereza ya jeshi, The Hill ya mwaka 1965 na The Last Castle ya mwaka 2001, na wanapozitazama wasihangaike sana na hotuba za wakubwa bali waangalie ni kazi gani mkubwa anampa mdogo wake na ni nani anayeumia kwa kazi hiyo. Kazi yangu ni kujenga kuta za mawe kwenye miteremko ya Mabatini na Igogo hapa Mwanza, mahali ambapo nyumba zimeparamia miamba, na ukuta ukilegea, udongo wa jirani wa juu huingia jikoni kwa jirani wa chini.

Gereza la jeshi linafaa kwa somo hili kwa sababu mfungwa na mlinzi wote ni askari, na wote wamefundishwa kwata na saluti zilezile. Mkuu wa gereza hawezi kujitetea kwamba amepewa watu wasioijua nidhamu. Cheo anacho na silaha anazo, kwa hiyo kinachobaki kupimwa ni heshima tu.

The Hill, iliyoongozwa na Sidney Lumet, inahusu gereza la jeshi la Uingereza katika jangwa la Afrika Kaskazini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katikati ya uwanja kuna kilima kilichotengenezwa kwa makusudi, ambacho wafungwa hukipanda na kukishuka juani, na hakina kazi nyingine yoyote. Mfungwa mmoja, Stevens, karani aliyetoroka jeshini kwa kumtamani mkewe, anafia humo baada ya kukipandishwa tena na tena. Watazamaji wengi humchukia Williams, mlinzi mkatili aliyempandisha, lakini mtu wa kuchunguzwa ni Wilson, sajenti meja ambaye ndiye anayeliendesha gereza huku mkuu wake akiwa haonekani. Wilson si mtu dhaifu: wafungwa wanapolipuka kwa hasira baada ya kifo kile, anasimama mbele yao na kuwatuliza kwa ulimi wake. Kipaji cha kuamrisha anacho kupita wengi wetu, ila anakitumia kulinda jina la gereza, na ukweli wa kifo cha Stevens hauna nafasi.

Kazi ya kilima ninaifahamu. Nilipokuwa saidia fundi, saruji ilichelewa kufika saiti, na mkandarasi wetu, kwa kuwa hakutaka kuona watu wamekaa wakati wanalipwa, akaagiza rundo la mawe lihamishwe kutoka upande wa juu wa kiwanja kwenda upande wa chini, na jioni akaagiza lirudishwe. Hakuna aliyegoma wala kujibu. Kesho yake fundi wetu bora, yule ambaye jiwe likitoka mkononi mwake halihitaji kugongwa mara ya pili, alichukua timazi na nyundo yake akaenda saiti nyingine. Kama huna kazi ya kweli ya kuwapa watu, waache wapumzike kivulini na uwalipe. Hasara yake ni ndogo kuliko kumpoteza mtu wa namna hiyo.

Katika The Last Castle, Luteni Jenerali Irwin, anayeigizwa na Robert Redford, amefungwa kwa kukaidi amri ya rais katika operesheni iliyofanyika Burundi, nchi jirani yetu, ambayo iliwaua askari wanane waliokuwa chini yake. Anapomzuia mlinzi asimdhuru koplo Aguilar, anaadhibiwa kwa kubebeshwa mawe makubwa uwanjani, na wafungwa waliokuwa wakimtazama kwa mbali wanaanza kumshangilia. Ninachowaomba vijana wakitazame kwa makini zaidi ni ule ukuta ambao wafungwa wamekuwa wakiujenga ovyo, kama watu wanaosubiri siku iishe, kisha wanaubomoa wenyewe na kuujenga upya kwa ustadi bila kuongezewa chakula wala kupunguziwa kifungo. Kanali Winter, mkuu wa gereza, anaona hatari iliyomo ndani ya ukuta mzuri na anaamuru ubomolewe. Aguilar anasimama mbele ya tingatinga, na anauawa kwa risasi ya mpira.

Kutoka hapo nimechukua desturi moja. Sehemu ya ukuta ikitoka mbaya, tunaibomoa mchana, fundi mwenyewe akiwepo na akieleza kilichoharibika, na mawe ya kwanza ya kuirudisha ninayabeba mimi. Nabeba machache, kwa sababu msimamizi anayeshinda akibeba mawe ili aonekane amewaachia wengine kazi yake ya kupima na kuamua.

Hata hivyo simkubali Irwin kwa kila kitu. Anawaongoza wafungwa katika maasi ili Winter aondolewe, na baadhi yao wanakufa, wakati yeye alikwisha kuwapoteza wanane Burundi. Kiongozi anayependwa hufuatwa hata pale ambapo angepaswa kubishiwa, na filamu yenyewe, kwa jinsi inavyompenda, haimwulizi swali hilo.

Anayetaka kulifuatilia atazame The Bridge on the River Kwai ya mwaka 1957, ingawa ile ni kambi ya mateka wa vita. Kanali Nicholson, Mwingereza aliyetekwa na Wajapani, anavumilia mateso kwa kukataa maofisa wake wafanyishwe kazi za mikono, kisha anawaongoza watu wake kumjengea adui daraja imara na kulionea fahari. Tangu nilipoitazama, sichimbi msingi kabla mwenye nyumba hajanionyesha mipaka ya kiwanja chake ilivyopimwa, kwani nimewahi kuona ukuta uliojengwa vizuri kabisa ukivunjwa kwa kuwa ulisimama kwenye ardhi ya mtu mwingine, na mafundi waliokuwa wakijivunia mistari yake ndio walioitwa kuuvunja.