Mtoto Anafungua Redio, Baba Anataka Tuisheni

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Uyole hapa Mbeya. Huyu wa pili yuko Darasa la Sita na hana kitu anachokiacha kizima, redio ya bibi yake kaifungua, tochi kaifungua, juzi nimemkuta anachemsha bitiruti kwenye sufuria yangu ya chai eti anatafuta rangi inatoka wapi. Sasa nimesikia kuna chuo kikuu kinachukua watoto wiki mbili likizo ya mwezi wa sita, wanasoma sayansi kwa vitendo, elfu themanini. Baba yake hataki hata kusikia, anasema mwakani ni Darasa la Saba, hiyo hela iende tuisheni. Nifanyeje?
Mama wa Uyole

JIBU: Mama, kwanza pole na sufuria, pili huyo mtoto usimchape. Baba yake simlaumu, mtihani wa Darasa la Saba upo na hauna huruma, ila mwakani ni mwakani, na tuisheni ya likizo sote tunaijua, watoto wamejazana chumba kimoja wanarudia maswali yaleyale ya mitihani ya nyuma mpaka wanayakariri na namba zake. Mimi ningempeleka chuo. Lakini kabla hujatoa hata mia, nenda mwenyewe, usipige simu, ukawaulize kitu kimoja tu: mwanangu atashika nini?

Maana kuna masomo ya vitendo na kuna yanayoitwa ya vitendo. Haya ya pili utayajua, watoto wamepangwa ukumbini, mhadhiri anaonyesha picha kwenye projekta, mmoja anaitwa mbele anashikishwa chupa anapigwa picha, wengine makofi, Ijumaa ya mwisho vyeti. Mimi mwenyewe sekondari nilisoma hivyo. Maabara ilikuwa na kufuli na ufunguo alikuwa nao mtu ambaye hatukuwahi kumwona, praktiko tukafanyia kwenye karatasi, bureti, ile bomba nyembamba ya kioo ya kupimia vimiminika, nimeichora kwenye daftari sijui mara ngapi, siku nimekuja kuishika kweli, niko chuo tayari, nikaivunja.

Ya kweli yanakuwaje? Chukua maji tu. Mtoto anapewa sufuria, jiko na themometa, anaambiwa chemsha uandike. Kitabu chake kimeshamwambia maji yanachemka nyuzi 100. Ya kwake yanatokota, mapovu makubwa kabisa, na themometa imekwama kwenye 94 au 95, haisogei. Atasema themometa mbovu. Anapewa nyingine, palepale. Anachungulia ya jirani yake, palepale. Hapo ndipo utamjua mwalimu, mwalimu mzuri ananyamaza kwanza anawaacha wabishane. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza maji huku kwetu ni pungufu kuliko ya Dar kwa hiyo yanawahi kuchemka, kila ukipanda kama mita 300 unapoteza nyuzi moja hivi. Ukishuka Kyela mpaka ufukweni Matema, ambako hakufiki mita 500, themometa ileile itakupa 98 na kitu. Na ndiyo sababu maharage huku yanatumalizia mkaa, sufuria inatokota kwa kelele lakini joto lenyewe halijafika. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake humwambii tena kariri, na wewe umepata jibu la mkaa bure.

Halafu baba yake msimulie habari ya Erasto Mpemba, labda ataelewa kwa upande huo. Mwaka 1963 yuko kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, maziwa na sukari, unachemsha, unaacha yapoe ndiyo unaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza zinagombaniwa, Mpemba akaona hapa nikisubiri nimekosa, akaweka ya kwake ya moto vilevile. Ikaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka maziwa bila kuyachemsha! Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa wewe. Baadaye akaja shule ya Mkwawa, hapo Iringa, akaliuliza tena, akachekwa. Siku moja akaja mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi, Mpemba huyo akanyoosha mkono na swali lake lilelile, wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka, alirudi Dar akataka lijaribiwe, na 1969 wakachapisha makala wote wawili. Wanasayansi mpaka leo wanabishana kama hilo jambo linatokea kila mara na sababu yake ni nini, lakini jambo lenyewe linaitwa kwa jina la Mpemba. Na ile shule ya Mkwawa siku hizi ni chuo, ndiyo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa.

Mengine ni madogo. Uliza meza moja wanakaa watoto wangapi, wakizidi wanne basi mpole ataishia kushika kalamu tu. Uliza nani yuko nao saa ya chakula. Na mpe sweta, huko Marekani kozi kama hizi wanaziita madarasa ya kiangazi, vyuo vinakuwa vitupu na jua linawaka, lakini kwetu Mbeya mwezi wa sita mtoto anatoka nyumbani anatoa moshi mdomoni. Hiyo elfu themanini kama itabidi uitoe kwenye ada ya mkubwa wake, acha, mwache aendelee na bitiruti, ila mtafutie sufuria yake.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko kidato cha pili, natokea Ilula. Napenda sayansi ila chuo ni mbali na nyumbani hela ya kozi za likizo hakuna. Nifanye nini likizo hii?
Msichana wa Ilula

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umesoma hapo juu habari ya Mpemba? Alichokuwa nacho ni friza. Mtafute dada anayeuza aiskrimu za vifuko hapo Ilula, umwombe kona ya friza yake siku anapokuwa na nafasi, na umsaidie kufunga vifuko ndiyo bei yake. Chukua vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, siyo glasi itapasuka, pima maji sawasawa, kimoja ya moto ya kuogea, kingine ya bomba, viweke pamoja, kila robo saa unachungulia haraka na kuandika saa na ulichokiona. Kesho yake badilisha nafasi, cha kushoto kiende kulia, maana kilichogusana na ukuta wa friza kinapendelewa. Ya moto ikishindwa, andika imeshindwa. Ikishinda, usimtangazie mtu kwanza, rudia mara tatu.