Kabla hujalaumu mashine, tazama kiyeyushi

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa nne hapa Nairobi, wanafunzi huniletea grafu za urujuanimno, zinazoonyesha sampuli imemeza mwanga kiasi gani katika kila urefu wa wimbi, zisizofanana na zilizo kwenye majarida. Swali langu la kwanza ni lile lile: umeyeyushia sampuli kwenye nini?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili. Nilikuwa nimekamua majani ya mlonge nikitafuta flavonoidi, kemikali za mimea ambazo huonyesha kilele kimoja kati ya nanomita 240 na 280, na kingine juu ya 300. Kabatini asitoni ilikuwa tele, nikaitumia. Kilele cha kwanza sikukiona. Mstari ulirukaruka tu. Nikabadilisha taa, nikasafisha kyuveti (kile kichupa cha kuwekea sampuli), wapi! Kumbe asitoni yenyewe humeza karibu mwanga wote chini ya nanomita 330.

Utasema, si nilipima blanki, yaani kiyeyushi kitupu bila sampuli? Nilipima. Lakini blanki hukata deni dogo tu la kiyeyushi. Mwanga usipofika upande wa pili, hakuna cha kutoa wala kujumlisha. Ukitaka kushuka kwenye mawimbi mafupi zaidi, maji na asetonitrili hupitisha hadi karibu 190, methanoli 205, ethanoli 210. Ethili aseteti hukwama karibu 256, kwa hiyo ukikamulia nayo, ikaushe kabisa kabla ya kuyeyusha upya. Kyuveti nayo iwe ya kwatzi, maana kioo cha kawaida huziba eneo hilo.

Kuna jambo la pili, nami ndilo hunivutia zaidi: kiyeyushi husogeza vilele. Mesitili oksaidi, kemikali yenye oksijeni, ina kilele dhaifu kwenye 329 ikiwa ndani ya heksani. Ndani ya maji kinarudi 305, kwa kuwa maji hushika elektroni za oksijeni kwa vifungo vya haidrojeni, na kuzing'oa kunadai nishati zaidi. Kilele chake chenye nguvu huenda kinyume, kutoka 230 hadi 243, kwa sababu molekuli iliyosisimka ina mgawanyiko mkubwa wa chaji na maji huituliza. Ukitaka kuona kwa macho, weka punje ya aidini kwenye heksani, nyingine kwenye ethanoli: zambarau huku, kahawia kule.

Basi usilinganishe namba yako ya methanoli na ya mwenzako ya heksani. Andika kiyeyushi kando ya kila kilele.

Ule mlonge niliukausha, nikauyeyusha kwa methanoli. Kilele kilikuwepo muda wote.