Kabla hujanunua diski nyingine ya CCTV, angalia bitireti

Swali ninaloulizwa sana na wenye maduka hapa Dar ni hili: "Fundi, nina kamera nne na diski ya terabaiti 1, mbona picha za wiki iliyopita zimeshafutika?" Wengi wameshashauriwa wanunue diski kubwa zaidi. Mimi huomba kwanza neno la siri la rekoda, nafungua mipangilio ya video, natafuta namba moja tu: bitireti.

Dukani unauziwa megapikseli, lakini kinachojaza diski ni bitireti, yaani kiasi cha data ambacho kamera inatuma kila sekunde. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 hivi kwa siku. Zikiwa nne ni kama gigabaiti 173, na terabaiti 1 inajaa kabla siku ya sita haijaisha. Rekoda haikuambii kitu, inafuta za zamani na kuendelea. Mwenye duka anakuja kugundua mzigo umepungua baada ya wiki mbili, akirudi nyuma hakuna kitu.

Dawa ya kwanza ni H.265, kodeki (njia ya kubana video) iliyo mpya kuliko H.264. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zinayo, ila unakuta zimeachwa kwenye H.264. Kwa picha ya ubora uleule, H.265 inaweza kutumia karibu nusu ya bitireti. Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama: ukibadilisha kodeki ukaiacha bitireti palepale kwenye CBR (bitireti isiyobadilika), diski itajaa vilevile. Lazima uishushe mwenyewe. Hakikisha pia rekoda yako inaisoma H.265, za zamani nyingine zinatoa kioo cheusi tu.

Kamera ya megapikseli 4 naiweka megabiti 2, fremu 15 kwa sekunde. Wateja hupenda 25 kwa sababu video inateleza vizuri, lakini mtu anayevuka mlango kwa sekunde mbili, kwa fremu 15, ameshapigwa picha 30. Zinakutosha. Kamera ya kaunta peke yake ndiyo naipa 25 na bitireti ya juu kidogo, maana mikono inayohesabu noti ina kasi. Diski ileile sasa inakaribia siku 11.

Kati ya CBR na VBR (bitireti inayopanda na kushuka kulingana na kinachotokea) nachagua VBR, mradi uiwekee kikomo. Stoo iliyofungwa haina linalotokea, kwa hiyo kamera yake inatuma kidogo. Kikomo ni kwa ajili ya usiku: penye giza picha inajaa chenga, kamera inazihesabu chenga kama mwendo, na bitireti inapanda hata kama hakuna aliyepita.

Kurekodi pale tu kamera inapoona mwendo kunaokoa nafasi, ila mimi siwashauri kwa mlangoni na kaunta. Hizo zirekodi muda wote. Kamera inayotazama barabara nayo haifaidiki, kwani kila bodaboda na kila tawi la mwarobaini ni tukio. Kurekodi kwa mwendo kuachie kamera za stoo na korido, uweke sekunde 5 kabla ya tukio na 30 baada yake.

Kwa kutazama kwenye simu tumia mkondo mdogo (video nyepesi ambayo kamera inatuma sambamba na ile kuu): pikseli 640 kwa 360, kilobiti 512 kwa sekunde. Saa nzima ya kutazama kamera moja ni megabaiti 230 hivi. Mkondo mkuu wa megabiti 4 utakula gigabaiti 1.8 kwa saa hiyohiyo, halafu ulaumu mtandao kwamba bando linaibiwa.

Saa nayo usiidharau. Kamera kadhaa nilizofungua kwenye boksi zilikuwa na saa za China, GMT+8. Tukio la saa mbili usiku linaonekana limetokea saa saba usiku, tena tarehe ya kesho yake. Peleka ushahidi huo polisi uone maswali. Weka GMT+3 na uwashe NTP, inayosahihisha saa yenyewe kupitia mtandao.

Ukimaliza, subiri giza liingie, mwambie kijana wa dukani apite mlangoni mwendo wa kawaida, kisha tazama rekodi yenyewe, siyo picha ya moja kwa moja. Simamisha anapofika katikati. Sura ikiwa ukungu kwa sababu ya kasi, shata (muda ambao kamera inachukua kunasa kila fremu) ndiyo ya kurekebisha na taa ya kuongeza. Ikiwa imevunjika vipande vipande, pandisha bitireti ya kamera hiyo tu, nyingine usiziguse.