Kafunga kamba za viatu, nikaenda kulia chooni

Juzi asubuhi mwanangu kafunga kamba za viatu mwenyewe. Ana miaka 10. Najua mtacheka, wenu walianza wakiwa na 6, ila mimi nilijifungia chooni nikalia, maana hizo kamba zimetutoa jasho miaka minne.

Na wiki hiyohiyo kuna mama kaniandikia inbox, mwanawe ana 7, anamwaga kila kikombe, mwandiko kama kuku wamechakura na mwalimu kasema ni uvivu tu. Hilo neno uvivu bado linanichoma mpaka leo. Na mimi mwalimu wa wangu aliniambia hivyohivyo mbele ya wazazi wengine, na kibaya zaidi niliamini, nikaja kummalizia mtoto hasira nyumbani. Siku moja tumechelewa, anahangaika na vifungo vya shati, nikamzaba kofi. Hakulia, akaangalia vidole vyake akasema, "Mama, mikono hainisikii."

Tulivyofika kwa mtaalamu wa tiba kazi, yule anayesaidia watu waweze shughuli za kila siku kama kuvaa na kuandika (nafupisha, tulizungushwa sana), kumbe mtoto alikuwa keshasema yote. Inaitwa DCD, wengine wanasema dispraksia. Ubongo unapata shida kupanga mjongeo, kipi kianze, kwa nguvu gani, kifuate nini, kwa hiyo kitu ambacho mwenzie anakifanya bila kuwaza yeye inabidi akifikirie kila mara kama ndo mara ya kwanza. Akili haina shida yoyote. Inakadiriwa ni watoto 5 mpaka 6 katika kila 100, yaani darasa la watoto 40 hawakosi wawili hivi, na hao wawili ndo wanaoitwa wazembe!

Sasa ushauri. Acheni kumwambia "jitahidi", anajitahidi kuliko nyie. Mazoezi ya jumla ya kurusharusha mpira hayakumsaidia wangu kufunga kamba, kilichosaidia ni kufundisha kamba zenyewe, vipande vidogovidogo, tena kuanzia mwisho. Mimi nafanya yote, yeye anavuta tu vitanzi viwili vikaze, akishaweza tunarudi hatua moja nyuma, kila siku anamaliza yeye. Tukawa tunajiuliza: lengo nini, tupange vipi, fanya, je imekubali? Dakika kumi tu basi, mkizidisha mtagombana.

Mpeleke akapimwe, usikae na jina la mtandaoni. Macho yaangaliwe, na ADHD pia (ile shida ya kutulia na kuzingatia), hiyo na DCD huwa zinaongozana sana. Chini ya miaka 5 wataalamu wengi hawaharakishi kulitaja hili jina kwa sababu watoto wanapishana mno. Ila kama alikuwa anaweza kitu halafu kinapotea, hiyo ni nyingine kabisa, kimbia hospitali leo.

Na nyie wazazi mnaojisifu "wangu alitembea na miezi 9", jamani, hamkumfundisha nyie. Punguzeni. Na mwalimu ukisoma hapa, mtoto anayeandika mistari mitatu wenzie wakiwa na kumi, muulize kwa mdomo uone anachojua. Mimi sikuuliza, nilipiga. Nilishamuomba msamaha, akasema kasahau lile kofi, sidhani.

Kile kiatu cha kushoto bado kinafunguka akitembea kidogo. Jana kilifunguka mlangoni nikainama kwa mazoea, akanisukuma mkono, akapiga goti, tukachelewa tena.