Mdogo wako huenda hajaikataa shule, tafuta kipindi anachokikimbia

Dada uliyeuliza juu ya mdogo wako wa kidato cha kwanza huko Nachingwea, anayevaa sare asubuhi halafu shuleni hafiki, na baba ameshachapa mpaka amechoka: pole sana. Nimepita humo humo na mdogo wangu wa kiume, Tandahimba, mwaka 2022.

Alianza kutoroka Oktoba, korosho zinadondoka. Kijiji kizima kikawa na jibu: kijana kaonja hela za kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo, shule haiwezi tena. Nami niliamini. Mama akamwita mjomba kutoka Newala, maana kwetu Wamakonde neno la mjomba ni zito. Akasema naye mpaka usiku wa manane. Shule akaenda siku mbili, ya tatu akaonekana mikoroshoni.

Kilichonifumbua macho ni rejista. Mwalimu wa darasa alikubali kunifungulia, Mungu ambariki. Jumatatu yupo, Jumanne hayupo. Jumatano yupo, Alhamisi hayupo. Wiki nne mfululizo! Korosho hazichagui siku ya kudondoka. Jumanne na Alhamisi kulikuwa na Baiolojia.

Jioni tukabangua korosho jikoni, habari za shule sikuzigusa. Nikamwomba tu anieleze usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Alinieleza vizuri, akachora na jani kwenye majivu. Aliyajua hayo tangu shule ya msingi, kwa Kiswahili. Sekondari swali linakuja kwa Kiingereza, ulimi unakwama, anasimamishwa mbele mpaka kipindi kiishe, wasichana wanacheka. Na huyu ameshatoka jando, wazee wamemwambia sasa ni mtu mzima. Aibu ile ilimuuma kuliko fimbo yoyote, ndiyo maana nadhani hata fimbo za baba yenu hazitamrudisha.

Nilirudi kwa mwalimu wa darasa, tukaenda pamoja kwa mwalimu wa somo. Mwanzoni alikuwa mgumu, baadaye akakubali ajibu kwa kuandika kwanza. Nyumbani tukawa na maneno matano kila usiku: anaeleza maana kwa Kiswahili, ndipo tunalitamka la Kiingereza. Jumanne na Alhamisi nilimsindikiza mpaka getini. Jumamosi aliokota korosho na hela ikawa yake, sikuona sababu ya kumnyang'anya.

Haikwenda moja kwa moja. Februari, yuko kidato cha pili, alitoroka wiki nzima tukaanza upya.

Wakikwambia nafasi yake imeshapotea, usikubali upesi. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu walioacha sekondari kwa sababu mbalimbali kurudi, kwa hiyo nenda kwa mkuu wa shule ukaulize. Ila kabla ya yote omba rejista, na umsihi baba aweke fimbo chini mpaka mjue ni siku zipi hayupo.