Mtoto wa sukari akipungua ghafla, kaangalie chupa ya insulini

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, binti yake yuko fomu tuu, ana kisukari aina ya kwanza, anasema "siku hizi kapungua vizuri ila sukari haishuki". Dada, hilo neno vizuri ndo limenishtua, maana na wangu alikuwa hivyo hivyo.

Wangu alipoanza sindano za insulini mwili ulirudi, na ni kawaida, kabla ya hapo sukari ilikuwa inatoka na mkojo tu mwili haupati kitu. Sasa ndugu zetu unawajua. Shangazi mtu kwenye sendofu, mbele za watu, "mgonjwa gani wewe unanenepa hivi?" Mpaka leo roho inaniuma, na akisoma hapa asome tu. Mtoto akaja kugundua akiruka sindano anapungua huku anakula. Mezani anadonoa, usiku anafagia biskuti, nikimuuliza anasema nimeshachoma mama.

Chupa ndo ilimsema. Ya mili 10 ina yuniti 1000, yeye dozi yake 40 kwa siku, yani siku ya 25 inatakiwa iwe imeisha, ile mwezi umekatika bado iko nusu! Hatujakaa sawa akaanza kutapika, anahema kwa nguvu, pumzi inanukia kama tunda lililoiva sana, kufika hospitali asidi imejaa kwenye damu. Ya ICU naruka.

Wiki iliyopita kliniki kipimo chake cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kimetoka asilimia 13 mpaka 8, nesi kapiga makofi, na mimi naringa jamani niacheni.

Kugombeza hakusaidii. Mimi nakaa naye anapochoma, tunapiga stori zetu, basi. Mzani nimeutoa ndani. Wali siuiti sumu tena, maana ukimwambia mtoto kila chakula ni sumu unamfundisha kula kwa kujificha. Na daktari mwambie wazi kwamba anaruka ili akonde, muombe na mtu wa saikolojia, dozi wapange wao. Wazazi, tuache kusifia wembamba wa mtoto mgonjwa! Shangazi akianza mambo yake mnyamazishe hapo hapo, mtoto asikie umemtetea. Na hata siku hana hamu ya kula, insulini haiachwi, piga simu kliniki wakwambie achome kiasi gani. Akitapika na sukari iko juu usingoje kukuche, nendeni usiku huo huo na chupa yake mbebe.