Je, "samhryggist" limetokana na mgongo au na huzuni?

Swali: Mwenzangu wa kazini anayetoka Aisilandi amefiwa na mama yake, na jamaa zake wanamwandikia "Ég samhryggist þér". Kamusi yangu inasema "hryggur" ni uti wa mgongo. Je, maana ya asili ni kubebeana mzigo mgongoni?

Jibu: Kwanza, mfikishie mwenzako pole zangu. Picha ya kubebeana mzigo inagusa moyo, lakini historia ya neno haiiungi mkono. Kiaisilandi kina "hryggur" mbili: moja ni nomino, uti wa mgongo, nyingine ni kivumishi chenye maana ya "mwenye huzuni", nayo ndiyo iliyozaa kitenzi "samhryggjast".

Maneno haya hayakuzaliwa tumbo moja. Lile la mgongo ni ndugu wa "Rücken" la Kijerumani, na "g" yake ilirefuka kwa sababu ilifuatwa na "j". Lile la huzuni halikuwa na "g" kabisa hapo kale; lilikuwa na "w" ndefu, ambayo katika Kigothi (lugha ya kale iliyokwisha kufa, ndugu wa Kijerumani) na katika lugha za Skandinavia ilikazwa ikawa "ggw", ilhali Kijerumani na Kiholanzi hazikupitia badiliko hilo. Ndiyo maana Kijerumani kina "treu", mwaminifu, pale Kiaisilandi kinaposema "tryggur". Na kwa njia iyo hiyo "Reue", majuto, pamoja na "rouw" la Kiholanzi, maombolezo, ni ndugu wa "hryggur" hii ya pili.

Kiambishi "sam-" ni "pamoja", na "-st" ya mwishoni ni mabaki ya neno la kale "sik", lililofanya kazi inayokaribiana na "-ji-" yetu. Basi sentensi nzima, ambayo "þ" yake hutamkwa kama "th" ya "thamani", ni "nahuzunika pamoja nawe". Kwa muundo uleule, anayempongeza mwenzake husema "Ég samgleðst þér", nafurahi pamoja nawe.

Ukiandika barua rasmi utakutana pia na "Ég votta þér samúð mína". "Votta" ni kushuhudia, na "-úð" ya "samúð", huruma, ni "hugð" iliyochakaa, kutoka "hugur", yaani nia au moyo. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika "úlfúð", uhasama, ambalo kwa asili ni nia ya mbwamwitu. Kwa mwenzako mnayeonana kila siku, "Ég samhryggist þér" inatosha.